Kiingereza cha Kushangilia

Wageni walikuwa wanakuja Alhamisi, na Kalembe nzima hapakuwa na mtu hata mmoja anayejua kufurahi kwa Kiingereza. Wa kufurahi kwa Kifaransa walikuwapo. Mwalimu mkuu hufurahi kwa Kifaransa vizuri sana, na katekista pia, hasa akipewa nafasi ya kusimama mbele ya watu. Lakini safari hii, Thierry alieleza, wenye fedha za mradi hawatoki upande wa Kifaransa. Wanatoka upande mwingine, na upande huo haupendi kutafsiriwa. Unataka kusikia kwa masikio yake, kutoka kinywani mwa maskini mwenyewe.

Thierry alikuwa mtu wa shirika. Jina la shirika tuliache. Ni refu, na hubadilika kila mradi unapobadilika, kinachobaki ni magari. Yeye alitoka Goma, alivaa kizibao chenye mifuko kumi na mmoja, na mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Shirika ndilo lililoleta dawa katika kituo cha afya cha Kalembe, na ndilo lililowasafirisha wajawazito wenye shida hadi hospitali kubwa, wakapasuliwa na kurudi nyumbani bila kudaiwa. Alhamisi wageni wangeangalia, wangesikiliza, kisha wangeamua kama msaada huo uendelee au la.

Aliyechaguliwa kusema ni Rosalie, mke wa Athanase. Alikuwa na mimba ya miezi saba na nusu, na watoto wake wawili, Myriam na Élysée, wote walitolewa kwa kisu. Mama Bibiche, muuguzi wa kituo, alishamwambia mbele ya mumewe bila kuzungusha maneno: huyu wa tatu hatapita njia ya kawaida, na bila hospitali atakufa mama, au mtoto, au wote wawili. Athanase alilima maharagwe na mihogo kwenye shamba la kukodi. Kulipia kisu cha tatu hakuweza, hata angeuza shamba ambalo si lake. Kwa hiyo katika nyumba ile hakuna aliyeuliza kwa nini mwanamke mwenye tumbo zito ajifunze Kiingereza kwa siku nne.

Thierry alimwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, akaridhika.

"Mama, kisa yako iko nguvu," alimwambia. "Visu mbili tayari, na ya tatu iko njiani. Wageni watapenda."

Masomo yalifanyika kanisani, mbele ya ubao wa katekisimu. Mwalimu alikuwa Edmond, aliyekaa kambi ya wakimbizi Uganda miaka tisa na kurudi na Kiingereza, redio, na tabia ya kusema "okay" hata akiwa peke yake. Athanase naye alikuja kujifunza, ili asije kusimama kando ya mkewe kama mti. Baada ya nusu saa Edmond alimwomba asimame kando ya mkewe kama mti.

"Kiingereza iko na ngazi," Edmond alisema, chaki mkononi. "Ukisema *good*, ni kama umesema 'haizuru'. Muzungu atahuzunika. *Very good*, ataandika kidogo. *Wonderful*! Hapo sasa kalamu inakimbia."

Rosalie alirudia. Alikuwa amefika darasa la sita tu, lakini alishika haraka, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe kuliko mtu mwingine.

"Sasa kanuni," Edmond akaendelea. "Nyuma ya *how* unatia sifa peke yake: *How wonderful!* Nyuma ya *what a* unatia sifa pamoja na kitu chake: *What a wonderful clinic!* Kituo muzuri namna gani! Usichanganye hata. Ukichanganya wataona kama ulifundishwa."

"Si nafundishwa?"

"Ndiyo, Mama. Lakini furaha inatakiwa itoke ndani ya roho."

Wakaendelea kuitoa ndani ya roho hadi saa sita. Edmond alifundisha kwamba *so* ndiyo chumvi, lazima iwemo: *We are so happy. We are so grateful.* Alifundisha nyusi pia. Nyusi juu, meno yaonekane, mkono mmoja kifuani. Ukisema *wonderful* kwa uso wa matanga, alisema, sarufi yote inaharibika.

Rosalie akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Na kile kitanda ya kuzalia, ile muguu yake moja tumetia jiwe, wanaisema namna gani?"

Edmond akafikiri. "*What a wonderful bed.*"

"Lakini iko mubovu. Mwezi ule mwengine mama moja alianguka nayo."

"Mama, tuko kwa chapitre, ile sura ya kufurahi. Chapitre ya kulalamika iko mbali, hata mimi sikuifikia. Kule kambini hawakutufundisha ile."

"Na glovu? Mama Bibiche anafua zile zile, anaanika kwa kamba na nguo za batoto."

"*We are so grateful for the gloves*," alisema Edmond, na akaiandika ubaoni kwa herufi nzuri sana.

Walipokuwa wakirudi nyumbani Rosalie alitembea mbele. Kisha akasimama.

"Papa Myriam, sasa ile shida yetu tutaisema saa ngapi?"

"Pole pole," Athanase alijibu. "Muntu amekuletea kitu, unamushukuru. Unamusifu mpaka anasikia haya ya kukuacha. Haumuombi palepale, mbele ya batu, hiyo ni kumufukuza. Anaenda. Kesho yake unatuma muntu mwengine amuambie."

Rosalie hakubisha, maana ndivyo alivyolelewa pia. Kwenye milima ile sifa ndiyo ombi lenyewe. Athanase alipotaka shamba, alimsifu mwenye shamba ng'ombe zake wiki mbili nzima, na siku ya kumi na tano alimtuma shemeji yake. Alipotaka mke, wazee wake walisifu kikapu cha mama mkwe na pombe ya baba mkwe hadi wote wakajua kinachotafutwa, bila mtu kukitaja. Mpokeaji husifu, mtoaji husikia kinachokosekana, na heshima ya wote wawili inabaki nzima. Hakuna Kalembe yote aliyewaza kwamba kuna watu duniani ambao ukiwaambia umeridhika, wanaamini.

Jumatano Thierry alikuja kukagua nguo. Rosalie alitoa kwanza kitenge cha harusi yake, kilichokunjwa chini ya godoro.

"Hii hapana," Thierry alisema. "Watasema ulikula feza ya mradi."

Akatoa cha shambani, chenye kiraka mgongoni.

"Hii nayo hapana. Watasema mradi njo ulikula feza."

Wakaazima cha jirani, kilichochakaa kwa kiasi. Thierry alikishika kwenye mwanga akakubali. Huyu ni maskini, alisema, lakini mwenye matumaini. Akatazama watoto. Myriam avae viatu, Élysée hapana, ili ionekane kwamba kazi inaendelea. Élysée alilia, maana viatu vilikuwa vyake. Rosalie alimfuta machozi bila kumtazama Thierry, kwa sababu kama angemtazama angemwambia neno, na neno hilo halikuwa kwenye ubao wa Edmond.

Wageni walifika na magari mawili. Alikuwapo mama mmoja mrefu mwenye mvi, mwenye sura ya wema wa kweli, na kijana mwenye kibao cha kuandikia kwa kidole. Kitanda cha kuzalia kilikuwa kimefunikwa kitambaa kirefu mpaka sakafuni, jiwe halionekani. Kamba ya glovu iliondolewa tangu asubuhi. Kituo kilikuwa safi namna ambayo Mama Bibiche mwenyewe alikipita mara ya kwanza bila kukitambua.

Rosalie alisimama uani, watu wote nyuma yake. Akainua nyusi.

"*We are so happy!*" alisema. "*What a wonderful clinic! How kind you are! We are so grateful for the gloves!*"

Hakuna alilokosea. Kila sifa ilikaa penye kitu chake. Mama wa mvi aliweka naye mkono kifuani, macho yakamlowa, akamgeukia kijana kumwambia jambo, na kidole cha kijana kikakimbia kama Edmond alivyoahidi. Edmond, kwenye kivuli cha paa, alikuwa anatikisa midomo pamoja na mwanafunzi wake. Hata Athanase alijisikia mtu.

Kisha mama wa mvi aliuliza swali, naye Thierry akatafsiri:

"Anauliza hivi: kuna kitu gani ingali inakosekana? Museme bila woga."

Kila aliyesimama pale alijua kinachokosekana. Rosalie alimtazama Mama Bibiche. Mama Bibiche alitazama mikono yake. Maneno yalikuwa tayari kinywani mwa Rosalie, kwa lugha yake mwenyewe, na mtafsiri alikuwa amesimama hapo hapo. Angeweza kusema: kitanda. Angeweza kusema: mwezi ujao nitapasuliwa, tafadhali msituache. Aliogopa kufa, hilo aliliwaza kila alipoamka. Lakini wageni walikuwa hawajapewa hata maji. Yeye mke wa Athanase, binti wa watu, asimame mbele ya Kalembe na kumwomba mgeni zawadi ya pili wakati ya kwanza bado iko mkononi? Athanase alimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana.

"*How wonderful*," alisema Rosalie. "*Everything. How wonderful!*"

Ndipo Athanase akaenda nyuma ya kituo, akarudi na jogoo amefungwa miguu, na kikapu cha maharagwe kimejaa mpaka juu. Alipiga goti, akamkabidhi mama wa mvi kwa mikono miwili. Jogoo huyo hakuwa na mwenzake. Maharagwe yalikuwa ya mbegu. Ndivyo mgeni anavyoagwa, na ndivyo anavyowekwa deni la kurudi.

Mama wa mvi alimshika jogoo kwa woga, akamwambia kijana maneno mengi kwa furaha. Kijana akaandika kwamba kaya hii ina chakula cha ziada.

"Wanasema nini?" Athanase aliuliza.

"Wamefurahi sana," alisema Thierry, na kwa hilo hakusema uongo.

Kesho yake, kama inavyotakiwa, Athanase alimtuma katekista kwa Thierry aeleze shida kidogo kidogo: kitanda, glovu, na ule mzigo wa Rosalie. Katekista alirudi baada ya muda mfupi sana. Thierry amemsikiliza vizuri, alisema, lakini wageni wako ndani ya ndege.

Baada ya wiki tatu barua ilikuja. Thierry aliisomea watu mbele ya kituo, kwa Kifaransa kwanza na baadaye kwa Kiswahili. Barua ilisema kwamba katika vituo vyote vilivyotembelewa, Kalembe ndiyo iliyoridhika kuliko vyote. Ilisema wageni waliguswa. Ilisema jamii imesimama kwa miguu yake, hata inalisha wageni. Watu walipiga makofi hapo. Kwa hiyo, Thierry akaendelea, mwisho wa mwezi huu shirika linaondoa msaada wake Kalembe na kuupeleka upande wa Walikale, kwa watu wenye shida zaidi. Hongera.

Wengine walipiga makofi na hapo pia, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshazoea.

"Na kupasuliwa?" Rosalie aliuliza.

Thierry alirudi kwenye barua, akaisoma kimya kimya yote, hata anwani. "Hapa haikuandikwa kupasuliwa, Mama."

"Njo maana nauliza."

"Mama, ulisema vizuri sana. Hata Goma wameona video. Chef wa ofisi alisema hajaona bénéficiaire, mupokeaji wa musaada, wa namna hii." Alijaribu kucheka. "Mimi mwenyewe wamenipa mukataba ya mwaka muzima, kule Walikale. Ni kwa sababu yako."

"Ufurahi basi," alisema Rosalie.

Nyumbani waligombana kwa mara ya kwanza katika miaka mingi.

"Ulinitikisia kichwa," Rosalie alisema.

"Ningejua nini? Tumesifu, tumetoa jogoo. Muntu gani anapewa jogoo na anaenda kufunga mulango?"

"Mimi nilitaka kusema."

"Ungesema!"

Alipiga kelele hivyo kwa sababu alikuwa na aibu, na alijua kwamba mkewe anajua. Kisha akaenda kukaa nje juu ya kinu kilichopinduliwa, akakaa hapo mpaka ugali ukapoa. Siku zilizofuata alitembea kwa ndugu na marafiki kuwaelezea shida. Wote walimsifu mkewe kwa Kiingereza chake.

Uchungu ulianza wiki mbili kabla ya hesabu ya Mama Bibiche, asubuhi ileile ambayo shirika lilikuja kuchukua vitu vyake. Barabara ilikuwa wazi wiki hiyo, maana yake wenye bunduki walikuwa upande mwingine. Gari lilijaa friji ya chanjo, paneli ya jua, makabati, na juu ya vyote kitanda cha kuzalia, kimefungwa kamba. Dereva alikuwa Mbonigaba, mtu asiyependa maneno. Wanawake walimleta Rosalie wakimshikilia kwapani, wakamlaza kwenye mkeka kando ya barabara.

"Tangu alfajiri," Mama Bibiche alimwambia Thierry. "Mimi hapa sina la kufanya. Sina hata kitanda, iko kwa gari yako."

Thierry aliita Goma kwa redio. Sauti ilimuuliza kama mgonjwa ni bénéficiaire. Thierry akajibu kwamba alikuwa. Sauti ikasema kwamba mradi umefungwa kwa mafanikio, na gari halibebi mtu asiye wa shirika bila karatasi. Karatasi iombwe, ofisi itajibu kesho.

Athanase alikuwa amevua kofia. Alimsogelea Thierry kwa mwendo wa adabu, akaanza mwanzoni, kama mtu anavyoanza.

"Papa Thierry, kwanza tunashukuru. Shirika lilifanya kazi kubwa hapa kwetu. Hii gari yenu nayo iko nguvu, hata kwa tope inapita, na dereva wenu ni muntu muzuri, siku zote anatusalimia..."

"Thierry!"

Rosalie alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Hakumwita Papa wala Monsieur.

"Niko nakufa. Toa ile kitanda, unipakie. Sikuombi kesho. Nakuomba sasa."

Hakuna mwanamke aliyewahi kusema hivyo barabarani Kalembe. Wengine waliinamisha macho. Thierry aliangalia redio mkononi, kama vile ingeweza kubadilisha mawazo. Ni Mbonigaba aliyepanda juu ya gari na kuanza kufungua kamba.

"Nani amekupa ruhusa?" Thierry aliuliza.

"Hakuna," alisema Mbonigaba, akashusha kitanda barabarani.

Friji ilifuata, na makabati. Walimpakia Rosalie kwenye nafasi iliyobaki, Mama Bibiche akiwa amemshika kichwa. Athanase alibaki mlangoni, mikono imeshikana, akimshukuru Mbonigaba, akimshukuru Thierry, akianza kuwashukuru wa Goma.

"Papa Myriam, nyamaza!" mkewe alimlilia kutoka ndani. "Panda!"

Akapanda. Gari lilipoondoka wanawake walikamata kitanda kwa miguu yake mitatu, wakakirudisha ndani ya kituo bila kuandikisha popote. Thierry aliwaona kwenye kioo. Katika ripoti yake ya mwisho aliandika kwamba kitanda kiliharibikia njiani, na hiyo labda ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizofanya Kalembe.

Mtoto alitolewa mzima, msichana, na mama akapona. Hospitali ilimpasua kwanza, ndipo ikadai, kwa hiyo tusiisahau shukrani yake. Lakini asiyelipa hatoki. Wiki ya tano ilimkuta Rosalie katika chumba cha nyuma, pamoja na wanawake wengine kumi na wawili waliopona zamani na kukaa pale kwa sababu hiyo hiyo, na mlinzi mlangoni. Athanase alikuja kila Jumamosi kwa miguu na maharagwe, akakaa kidogo, akarudi kufanya vibarua. Mara moja alilia, na Rosalie alimpa mtoto ashike ili apate cha kufanya na mikono.

Jumatatu moja asubuhi dada mmoja aliingia na daftari, kizibao kipya, shirika jipya. Alisimama mlangoni kwanza, akawasalimia wote kwa adabu:

"Bamama, habari yenu?"

"Muzuri," waliitika wanawake kumi na wawili kwa sauti moja, kama wanavyoitika kila mtu kila siku, wengine bila kuinua vichwa.

"Mubaya," alisema Rosalie.

Dada akageuka. Wanawake wote wakageuka. Mmoja alicheka kwa aibu, kwa niaba yake. Rosalie alimhamishia mtoto ziwa la pili, akasogea ukutani, akapiga-piga shuka kando yake.

"Ikala hapa, dada," alisema. "Fungua hiyo daftari yako, uandike. Niko na mambo mingi."